Kupiga Kambi Nyandarua Pamoja na Watoto: Maporomoko Asubuhi, Trauti Mchana

Milima ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi bado huiita Aberdare, ni miongoni mwa sehemu chache za Kenya ambako familia inaweza kulala hemani, kuvua samaki kwa mshipi katika mto wa maji baridi na kuyafikia maporomoko makubwa ya maji bila kuhamisha kambi. Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, iliyoanzishwa mwaka 1950 na yenye ukubwa wa takriban kilomita 766 za mraba, hupanda kutoka misitu minene iliyo upande wa Nyeri hadi kwenye uwanda wa nyasi za vishungi ulio mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mito ya samaki na maporomoko ninayoyaeleza hapa yako huko juu, na mwinuko huo ndio unaoamua saa ya kuamka, nguo za kuvaa, chakula cha kupika na hata saa ambayo samaki atauma ndoano.

Kanuni ninayoifuata kila ninapokwenda na watoto ni kuipanga siku kwa kufuata ukungu. Asubuhi anga ya Nyandarua mara nyingi huwa safi. Kuelekea adhuhuri ukungu hupanda kutoka mabondeni, na maporomoko yaliyokuwa mbele ya macho yako hugeuka kuwa sauti tu. Kwa samaki mambo ni kinyume. Maji ya mto hupoa sana usiku, trauti, yaani samaki wa mito hii ya baridi, huzubaa, na hawaanzi kula kwa hamu mpaka jua lipashe maji kidogo na wadudu waanze kuruka, yaani kuanzia saa nne asubuhi hivi. Kwa hiyo maporomoko huwa ya asubuhi, uvuvi huwa wa kati ya saa nne na saa tisa, na ifikapo saa kumi na moja jioni kila mtoto awe kambini akiwa na nguo kavu mwilini. Familia nyingi huvua alfajiri kwa sababu wamezoea kusikia kwamba samaki huvuliwa alfajiri, kisha huyafuata maporomoko mchana, na hivyo hukosa yote mawili.

Kuchagua wakati na kuingia mbugani

Miezi mizuri zaidi ni Januari na Februari, wakati wa kiangazi, lakini watoto huwa shuleni. Mapumziko mafupi ya katikati ya muhula wa kwanza yanafaa sana kwa wanaoweza kuyatumia. Likizo ya Agosti hufaa pia, kwa kuwa mvua si kubwa, ila baridi yake ni kali na ukungu huwahi. Likizo ya Aprili iangukayo katikati ya mvua ya masika ningeiacha kabisa, kwa sababu barabara za mbugani ni za udongo unaoteleza kama sabuni, na gari likikwama huko juu msaada huchukua muda kufika.

Kutoka upande wa Nyeri, malango yanayoelekea kwenye uwanda wa juu ni Ruhuruini na Kiandongoro. Kutoka Naivasha, barabara hupita Ndunyu Njeru, Kinangop, hadi lango la Mutubio. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ni la lazima. Jazeni mafuta mjini Nyeri au Naivasha, kwa maana ndani hakuna kituo, na mbebe sepetu na kamba ya kuvutia gari. Malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hayafanywi kwa fedha taslimu. Hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na ni busara kuyamaliza nyumbani kabla mtandao wa simu haujaanza kupotea milimani. Mnapopanga, ulizeni mambo matatu kwa pamoja: nafasi ya kambi, kibali cha kuvua samaki, na askari wa wanyamapori wa kuwasindikiza mtakapotembea kwa miguu.

Huyo askari asionekane kama gharama ya kupunguza. Uzio wa umeme wenye urefu wa takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, unaizunguka milima hii ili wanyama wasiingie mashambani. Mtu aliyepiga kambi yuko ndani ya uzio pamoja nao. Nyati hulala katika vichaka virefu vilivyo kando ya mito, ndovu hupita kwenye mianzi bila kusikika, na chui na fisi wapo. Askari husoma kinyesi na nyayo kabla yenu, hujua kichaka kipi kizungukwe, na watoto humsikiliza kuliko wanavyomsikiliza mzazi.

Mkipanda kupitia ukanda wa mianzi, punguzeni mwendo na mfungue madirisha. Hapo ndipo ninapowasimulia watoto habari za wapiganaji wa Mau Mau walioishi katika msitu huu miaka ya 1950, wakilala kwenye baridi ileile tunayoiendea, na habari za kiongozi wao Dedan Kimathi aliyekamatwa ukingoni mwa msitu tarehe 21 Oktoba 1956. Mtoto aliyeisoma habari hiyo darasani huiona kwa namna nyingine anapoona jinsi mianzi inavyoziba mwanga.

Kambi

Fikeni kambini kabla ya saa nane mchana. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa Agosti moja tulichelewa njiani, tukafika karibu saa kumi na moja wakati manyunyu yameanza, tukalisimamisha hema haraka mahali palipoonekana laini. Palikuwa laini kwa sababu palikuwa bonde la maji. Saa nane usiku nilipapasa blanketi la binti yangu mdogo nikalikuta limelowa upande mzima, naye alikuwa akitetemeka meno yakigongana. Tulimaliza usiku ule sote ndani ya gari, yeye akiwa kifuani mwa mama yake chini ya mashuka mawili ya Kimaasai. Tangu siku hiyo siteremshi mzigo kabla sijaitembea kambi yote kwa miguu na kupata mwinuko mdogo, wenye nyasi fupi, ambao maji yake hukimbilia upande mwingine.

Hema liwe na kifuniko cha nje kinachofika chini karibu na ardhi, na mlango uelekezwe upande usiopigwa na upepo. Turubai la chini lisizidi ukubwa wa hema, kwani ukingo unaojitokeza hukusanya mvua na kuiingiza chini ya magodoro. Vigingi vipigwe vikiwa vimeinamia mbali na hema, na kamba zikazwe tena jioni, kwa sababu kitambaa hulegea kinapopata unyevu. Baridi kubwa hutoka ardhini kuliko hewani. Mkeka mnene wa sponji chini ya mfuko wa kulalia husaidia kuliko blanketi la tatu juu yake. Usiku wa kiangazi unaweza kuleta jalidi, na asubuhi watoto watafurahi kuziona nyasi zikiwa nyeupe, almradi wamelala na joto.

Kila mtoto awe na nguo za kulalia ambazo hazivaliwi mchana kwa sababu yoyote: fulana ya mikono mirefu, suruali, soksi za sufu na kofia ya kufunika masikio, vyote vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Mchana avae nguo nyepesi kadhaa badala ya koti moja zito, apate kuvua moja anapopanda mlima na kuirudisha anaposimama, na juu ya zote avae koti la mvua. Gambuti ni bora kuliko viatu vya michezo. Jua la huko huunguza ngozi hata wakati wa baridi, kwa hiyo kofia yenye ukingo na mafuta ya kukinga jua visisahauliwe.

Siku ya kwanza isiwe na safari yoyote ndefu. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi ya juu; wa pwani watahitaji muda mrefu zaidi, na ningewashauri walale Nyeri usiku mmoja kwanza. Mtoto akiumwa kichwa kidogo, apewe maji, apumzike na aangaliwe. Akitapika, akipepesuka au akizubaa isivyo kawaida, teremkeni naye mara moja hata kama hema limeshasimama. Dawa ya tatizo hilo ni kushuka.

Kuhusu chakula, kumbukeni kwamba katika mwinuko wa mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzijoto 90 hivi badala ya 100. Githeri lisilochemshwa nyumbani halitaiva huko juu hata mkimaliza mtungi wa gesi. Chemsheni maharagwe na mahindi nyumbani, muyagandishe, na yatakuwa yakipooza vyakula vingine njiani. Chapati, nduma zilizochemshwa, mayai, unga wa ugali na wa uji hutosha kwa siku tatu. Jiko la gesi ni salama kuliko moto wa kuni, kwa kuwa nyasi za vishungi na vichaka vya uwanda ule hushika moto upesi wakati wa kiangazi. Maji ya mto, hata yaking'aa kiasi gani, yachemshwe kabla ya kunywewa, maana wanyama wanayatumia vilevile. Chakula chote, sufuria chafu na taka vilale ndani ya gari lililofungwa. Kima huiba mchana na fisi huja usiku.

Jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii ni haja ndogo za usiku. Mtoto asitoke hemani peke yake gizani hata hatua tano. Bebeni ndoo yenye kifuniko, iwekwe kwenye ukumbi wa hema, na watoto waonyeshwe mapema ilipo tochi.

Maporomoko

Asubuhi ya kwanza ipewe Karuru. Maporomoko haya, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa marefu kuliko yote nchini, huanguka jumla ya mita 273 kwa ngazi tatu: ya kwanza mita 117, ya pili mita 26, na ya tatu mita 130. Kutoka pa kuegesha magari ni mwendo mfupi kwenye njia ya msituni mpaka jukwaa la mbao la kutazamia, na ukifika mapema utaona jinsi mto mwembamba unavyojitupa ukingoni kisha upepo unavyoyabeba maji kama moshi kabla hayajagusa mwamba wa chini. Ng'ambo ya bonde huonekana Gura, maporomoko mengine marefu. Mwekeeni kila mtoto mdogo mtu mzima mmoja wa kumshika mkono, si bega wala kofia ya koti, na msimruhusu yeyote kuegemea kizuizi. Mbao zikiwa na umande huteleza.

Baada ya Karuru, yatakayowapendeza watoto zaidi pengine ni Magura. Si marefu, lakini njia huteremka hadi karibu na maji, na nyuma yake kuna pango linaloitwa Pango la Malkia. Kusikia mto ukianguka mbele yako ilhali umesimama mahali pakavu ni jambo ambalo mtoto wa miaka saba hulieleza kwa majirani mwezi mzima. Chania ya mbugani, ambayo isichanganywe na ile ya Thika, ina bwawa chini ya maporomoko linalovutia kuogelea. Maji yake ni baridi mno na mwamba una ukungu wa kijani unaoteleza, kwa hiyo kwetu ni mahali pa kula nduma na kunywa chai ya thamosi.

Yatoshe maporomoko mamoja kwa asubuhi moja. Mtoto aende mbele pamoja na askari na aweke mwendo, mzazi mmoja afunge msafara, na kila nusu saa msimame kwa dakika tano kabla hajalalamika, si baada ya kulalamika.

Uvuvi

Trauti si samaki wa asili wa milima hii. Wa kwanza waliletwa kutoka Uskoti na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, na Gura ulikuwa miongoni mwa mito ya kwanza kuwekwa samaki hao. Leo wapo wa aina mbili: trauti wa kahawia mwenye madoa mekundu ubavuni, na trauti wa upinde wa mvua mwenye mstari wa waridi. Desturi ya mito ya mbuga hii ni kuvua kwa ndoano ya manyoya, yaani ndoano ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya ikafanana na mdudu, bila funza wala nyungunyungu. Ulizeni langoni kuhusu idadi na urefu wa samaki wanaoruhusiwa kuchukuliwa, na mshike masharti hayo hata pasipo mtu wa kuwaona.

Mtoto wa miaka minane au zaidi anaweza kujifunza kurusha mshipi akiwa na ufito mwepesi wa futi 7 au 8. Aanze nyumbani wiki mbili kabla, uwanjani, akiwa amefunga kipande cha uzi mwekundu wa sufu mahali pa ndoano. Katika uvuvi huu kinachorushwa ni uzito wa mshipi wenyewe, kwa kuwa ndoano haina uzito. Mkono hupanda mpaka usawa wa sikio, husimama kidogo ili mshipi unyooke nyuma, kisha hushuka mbele taratibu. Wote humaliza somo hili wakiwa wameruka kile kituo cha nyuma, na wote hukipata siku ya tatu.

Fundo la kufungia ndoano mfundishe akiwa amekaa mezani. Uzi hupitishwa kwenye kitundu cha ndoano, ncha yake huzungushwa mara tano kwenye uzi mkuu, hurudishwa na kupitishwa katika kijitanzi kilichobaki karibu na kitundu, kisha fundo zima hulowanishwa kwa mate kabla ya kuvutwa polepole. Asiyelowanisha huunguza uzi kwa msuguano, na samaki wa kwanza huondoka na ndoano. Kabla ya kufunga, kibinye kile kijino cha ndoano kwa koleo kilale kabisa: samaki mdogo atarudishwa bila kuumia, na ndoano ikimwingia mtoto kidoleni itatoka kwa urahisi. Kofia na miwani ni lazima kwa kila aliye karibu, pamoja na asiyevua.

Mtoni, trauti hukaa akiukabili mkondo, akingoja chakula kiletwe na maji. Mfikieni kutoka upande wa chini wa mto, nyuma yake, mkiinama, kivuli kisianguke majini. Msimtafute katikati, kwenye maji yaendayo kasi. Mtafuteni nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliochimbika, au mahali maji ya kasi yanapokutana na maji tulivu. Binti yangu mkubwa alimpata wa kwanza mahali kama hapo katika mto Chania. Alikuwa amerusha mara nyingi hata mkono umechoka, ndoano ikaangukia povu lililokuwa likizunguka nyuma ya jiwe, mshipi ukasimama ghafla kana kwamba umenasa mzizi, kisha mzizi ukaanza kukimbia. Alimvuta akiwa hapumui. Alikuwa samaki wa urefu wa kiganja na vidole, madoa yake mekundu yakiwa yamezungukwa na duara jeupe. Alilowesha mikono kama alivyofundishwa, akamshika chini ya maji mpaka alipopata nguvu, akamwachilia.

Samaki mkubwa wa kuchukuliwa auawe papo hapo kwa pigo moja la kijiti kizito kichwani, asiachwe akitapatapa kwenye nyasi. Mpasueni tumbo, na kwa ukucha wa kidole gumba mkwangue damu nyeusi iliyolala kwenye uti wa mgongo, kwani hiyo ndiyo huleta uchungu. Magamba yake ni madogo sana, hayahitaji kuparwa. Chumvi, ndimu na mafuta kidogo kwenye kikaango, dakika nne au tano kila upande, na ugali pembeni. Matumbo ya samaki yasitupwe mtoni wala kambini. Yafungwe kwenye mfuko, yawekwe garini, yatoke nanyi.

Siku ya kuondoka, ngojeni jua lilikaushe hema ikiwa lipo, kisha hesabuni vigingi mkiwa na watoto, kila mmoja akileta alivyong'oa. Hema lililokunjwa likiwa na unyevu litundikwe kwenye kamba ya nguo jioni hiyohiyo mtakapofika nyumbani, pamoja na mifuko ya kulalia, kwa maana kuvu huanza upesi na harufu yake haitoki.